Nirudishieni bakora ya mzee wangu, na hiyo ligi kuu yenu kaeni nayo

Wadau, asalaam aleikum. Nimekaa siku tatu bila kuandika kwa sababu ningeandika usiku ule ule niliorudi ningetukana, na admini wa hapa namjua, hana huruma. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Kwa wavivu wa kusoma: nimempeleka babangu, mzee wa miaka 73, kutoka Mombasa hadi bara kutazama mechi ya ligi kuu. Mlangoni wakamnyang'anya bakora wakasema ni silaha. Mechi ilipokwisha bakora haipo. Wenye nafasi tuendelee.

Uwanja sitautaja, waandalizi sitawataja. Sina pesa za wakili.

Kwanza mumjue mzee mwenyewe. Huyu si mtu aliyeanza mpira na televisheni. Mwaka 1965 Feisal, timu ya hapa Mombasa, walipochukua ubingwa wa Kenya, ligi yenyewe ikiwa haijamaliza hata miaka mitatu tangu ianze, yeye alikuwa kitoto cha miaka 13, akitazama mechi juu ya mti wa mkungu kwa kuwa hana senti za kiingilio. Ukimtajia Ali Kajo, mwanasoka wa enzi hizo, baada ya swala ya alasiri, magharibi itakukuta pale pale barazani. Na tangu mwaka ule taji la ligi halijarudi Mombasa. Bandari, timu yetu ya sasa, wamelichungulia: wa pili 2018, wa pili tena msimu wa 2018/19. Ngao wamechukua, 2015 na 2019, na mzee alifurahi akatununulia halua, lakini akasema, "Hilo ni kombe. Ligi ni ligi." Ndiyo maana akatamani, kabla miguu haijakataa kabisa, awaone Bandari wakicheza ugenini kwenye uwanja mkubwa wenye paa. Nikasema yakhe, hii mbona ndogo.

Tukapanda treni ya usiku Miritini, daraja la kawaida, 1,500 kila mmoja. Mzee amevaa kanzu, kofia ya vito na koti langu la zamani, maana amesikia bara kuna baridi. Kikapu cha chakula mkononi, bakora mkono mwingine. Hii bakora niieleze sawasawa kwa sababu nitaihitaji mwisho. Ni ya mkwaju, imenyooka, kichwa chake kimelainika kwa kushikwa hadi kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Shingoni ina pete ya fedha. Chini niliivalisha mimi mwenyewe kipande cha tairi ya tuktuk, nikakipigilia misumari mitatu, ili isiteleze kwenye vigae vya msikiti. Msumari mmoja ulikaa upande.

Uwanjani tulifika saa saba kasoro robo, mechi saa tisa. Milango iko chungu nzima. Uliofunguliwa ni mmoja, na huo mmoja wenyewe nusu. Jua la utosini, foleni haisogei. Tiketi nilinunua kwa simu siku nne kabla, 1,000 kila moja, zile za kukaa kivulini, kwa ajili ya mzee. Kijana akaelekeza kimashine chake kwenye simu yangu, ile picha ya vimraba. Ya mzee ikaitika. Yangu ikalia vibaya, taa nyekundu. Akarudia, nyekundu. "Hii ishatumika." Imetumika na nani, na mimi ndiye huyu nimesimama mbele yako natoka jasho? "Bro, mimi siwezi kubishana na mashine. Nunua ingine." Watu nyuma wanasukuma, mzee anasukumwa. Nikanunua ingine.

Hapo ndipo akaja mwingine, fulana ya rangi ya chungwa, akaitazama bakora.

"Hiyo haiingii."

Mzee akadhani anataniwa. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huu ni mguu wangu."

"Mzee, hiyo ni silaha. Iache hapa, utaichukua ukitoka."

Nilibisha. Nilimwomba mkubwa wake. Mkubwa wake akaja, akasema vile vile, ila kwa sauti ya juu. Bakora ikatupwa (naandika ikatupwa, haikuwekwa) kwenye rundo lililokuwa chini ya ukuta: miavuli, mikanda, pawabenki, chupa za marashi, na vuvuzela ya mtoto aliyekuwa bado analia pembeni. Nikapewa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa 17 kwa kalamu ya wino.

Kupanda ngazi mzee ameshika bega langu. Kila ngazi tano anasimama, anajifanya anatazama mandhari. Mwanamume aliyenibeba mabegani kiwanja cha Tononoka, leo anaomba radhi kwa watu wanaotaka kupita. Mlio na wazazi mtanielewa.

Viti vya kivulini vilikuwa vimekaliwa na wageni wenye utepe shingoni, wengine wamemwekea mwenzao kiti kwa mkoba. Tukapelekwa juani. Maji yetu yalimwagwa mlangoni. Ndani chupa ile ile ya 50 inauzwa 150. Spika zinapiga muziki hadi refa anapuliza kipenga cha kuanzia, zikaendelea kila mpira ukitoka nje, kana kwamba tumekuja harusini. Kikundi cha mashabiki wa Bandari waliosafiri walikuwa na ngoma moja. Ilibaki kwenye rundo. Kwa hiyo ukitaka kuimba unaimba dhidi ya spika, na spika haichoki. Mzee akaniuliza, "Hawa wanaogopa nini kusikia watu?" Sikuwa na jibu.

Dakika ya thelathini na kitu mzee akataka msalani. Ngazi zote zile, chini. Choo cha upande wetu kufuli. Tukazunguka. Cha pili kiko wazi, maji hakuna, na mzee wa kanzu bila maji ni mtihani. Tukiwa humo tukasikia uwanja mzima umelipuka. Bao. Nani kafunga, lilikuwaje, hadi leo mzee hajui. Amesafiri karibu kilomita mia tano kusikia bao akiwa chooni.

Mpira umekwisha, tumeteremka, chini ya ukuta hakuna rundo. Kuna mkanda mmoja na kifuniko cha chupa. Kijana wa chungwa: "Vitu vimepelekwa ofisini." Ofisi iko wapi? "Pale." Pale pamefungwa. Nikagonga hadi mkono ukaniuma. Mlinzi wa usiku ananiambia nije Jumatatu. Nije Jumatatu, kutoka Mombasa!

Kwenye kibanda cha vyombo cha hapo nje nikamnunulia mzee mpini wa fagio, 80. Ndio aliorudi nao. Ndani ya treni alikaa ameusimamisha katikati ya magoti, kijani, una kibandiko cha bei, na mama mmoja akamwuliza kama anauza. Mzee akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa niwaambie kwa nini imeniuma hivi.

Bakora ile ile, enzi hizo haina pete wala tairi, ilishacheza mpira. Nilikuwa darasa la sita. Tononoka, mechi ya ligi ya chini kabisa, timu yetu ya mtaa na vijana wa ng'ambo ya Likoni waliochelewa kwa sababu ya feri. Refa akakagua kiwanja, akakuta vibendera vya kona ni vitatu. Cha nne kimeibwa, au hakikuwahi kuwepo, sijui. Akasema sheria ni sheria, bila kibendera cha nne hachezeshi. Zogo. Wengine wanataka avunjwe miguu. Mzee akainuka kwenye jiwe alilokuwa amekalia, akavuka uwanja taratibu mbele ya watu wote, akaichomeka bakora kwenye mchanga pembeni, akatoa leso ya mfukoni akaifunga juu. Refa akaisukuma kwa kidole, ikasimama. Akapuliza.

Kipindi cha pili winga wetu wa kushoto, kijana fundi wa baiskeli, akapiga kona kutoka pale pale kwenye bakora. Mpira ukapinda na upepo, kipa wa Likoni akaruka mapema, ukamwangukia beki wetu kisogoni ukaingia. Kisogoni wallahi, alikuwa amegeuka anagombana na mtu. Mechi ilipokwisha yule winga akaing'oa bakora, akaifuta mchanga kwa jezi yake, akaileta kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Bakora yako hii." Akambusu mkono. Ile leso hakuirudisha, akasema ni ya bahati, na mzee akamwachia.

Kiingilio kilikuwa hakuna. Hafutaimu kofia inazungushwa, unatia ulicho nacho, za refa na za nauli ya mechi ya Voi wiki ijayo. Muuza kahawa anapita na dele lake, anagonganisha vikombe kakaka, na cha mzee anakijua bila kuambiwa. Viazi karai ukikosa shilingi unakopeshwa kwa sababu mamako anajulikana. Winga akikosa bao unamtukana, na jioni unampelekea baiskeli yako akuzibie pancha. Akikuzibia vibaya unajua kwa nini.

NYONGEZA: Nimeona majibu yenu, wengine mmenijia juu, najibu hapa hapa.

Anayesema "usalama kwanza, fimbo zimeshaumiza watu viwanjani". Kweli, zimeumiza. Lakini Oktoba 2010 pale uwanja wa Nyayo, Nairobi, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu 7 walikufa, na hawakupigwa bakora. Walikanyagana wakigombea kuingia. Kwa hiyo nikiona mlango mmoja nusu na maelfu nje, na watu wa usalama wameshughulika na mkongojo wa mzee wa kanzu, nina haki ya kuuliza nani hapa anacheza na roho za watu.

Anayesema "mnataka mpira wa kisasa na hamtaki kulipa". Ndugu yangu, nauli 6,000 kwenda na kurudi kwa wawili. Tiketi 3,000, kwa viti viwili, hesabu mwenyewe. Nimelipa. Nikitaka mpira wa bei rahisi Jumamosi naingia ukumbini na wale wenzangu wa Arsenal, 50, na feni ipo.

Anayesema nimesahau shida za mpira wa vumbi wa mtaani. Sijasahau. Refa nimemwona akikimbizwa hadi ndani ya duka la nguo, akajifungia, mwenye duka akawa anampitishia maji dirishani. Nimeona mechi ikivunjika kwa sababu mpira ulikuwa mmoja na umepasuka. Na ile timu yetu ya mtaa ilikufa kwa nauli, sikuficha: mara tatu haikufika ugenini, ikashushwa, ikaishia hapo, jezi zikagawanywa, moja nyumbani kwetu ilifutia vyombo. Sisemi kule chini ni peponi. Nasema kule hata anayekuibia anakujua jina.

Anayeuliza kwa nini nisimpeleke mzee uwanja wa Mbaraki hapa hapa Mombasa akawaone Bandari, badala ya kuhangaika bara. Nampeleka, mbona. Lakini Mbaraki unapajua ukubwa wake, wala hakuna haja ya kusimuliana habari ya uwanja wa Manispaa, miaka inapita tangu majukwaa yabomolewe ili yajengwe mapya. 2019 Bandari walipoingia kombe la shirikisho la Afrika, mechi za "nyumbani" walienda kuchezea Kasarani, Nairobi. Mji wenye bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, timu yake inapanda treni kwenda kuwa mwenyeji. Mzee alitaka uwanja wenye paa, na wenye paa uko bara. Ndio hivyo.

Na wewe uliyeandika "nunua ingine, mbona fimbo ni 500", mzazi wako akiwa hai mpe mkono leo.

Jumamosi mzee alikuwa kiwanja cha Kaa Chonjo, Tudor, na mpini wake wa kijani. Vijana wakamkalisha kwenye kreti ya soda mbele kabisa. Aliniambia mpini unateleza.

Kwa hiyo naomba. Kama umo humu na ulikuwa uwanjani siku ile, au unamjua kijana wa fulana ya chungwa, au bakora umeiona inauzwa mahali: mkwaju, pete ya fedha shingoni, chini tairi ya tuktuk, misumari mitatu, mmoja umekaa upande. Aliyeichukua simwulizi kitu, nauli ya kuiparseli nalipa mimi. Niandikie faraghani. Kikaratasi cha namba 17 bado ninacho.