Ukuta wa chuma wa kusafisha maji ya ardhini umeziba, au mimi ndo sijui kusoma vipimo?

Kijana wa Visima:
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Marekani mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kuzunguka kupima visima vya uchunguzi kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa kiwanda. Walikuwa wanaosha vyuma kwa ile dawa ya kutoa grisi, traikloroethilini, ikazama ardhini. Mwaka 2005 wakachimba mtaro mrefu wakaujaza chengachenga za chuma, unene sentimita 60, maji yanapita humo yenyewe bila pampu na chuma kinaivunjavunja ile sumu.

Sasa picha linaanza. Upande wa mbele, maji yanakoingilia ukuta, kisimani yamepanda sentimita 40 toka nianze kupima, nyuma ya ukuta yanazidi kushuka. Nikamwambia bosi ukuta umeziba, ananijibu kisima cha nyuma kinasoma safi kabisa, na juzijuzi walitoboa katikati wakakuta chuma bado kinang'aa, hamna shida. Kalsiamu inaingia miligramu 110 kwa lita inatoka 8, pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, inaingia 7 inatoka karibu 10. Nimwambieje anielewe? Au nikaushe nile mshahara wangu?

Mpiga Soga:
Kausha mkuu, kuna watu tunaitafuta hiyo kazi huku 😂

Dada wa Maabara:
Msimpoteze mwenzenu. Kaka, hizo namba zako zinaongea zenyewe. Chuma kikikaa kwenye maji kinaoza taratibu, kinatoa haidrojeni na pH inapanda, pH ikipanda ile chokaa iliyoyeyuka kwenye maji inaganda. Umewahi kuchemshia maji ya kisima cha Dar kwenye birika mwezi mzima bila kulikwangua? Ule ukoko mweupe ndo huo huo, sema hilo birika lako liko chini ya ardhi na halikwanguliki. Kwa siku yanapita maji kiasi gani?

Kijana wa Visima:
Ripoti ya zamani inasema lita 50 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, dada.

Dada wa Maabara:
Haya tupige. Kalsiamu 102 iliyopotea ni kama miligramu 255 za chokaa kwa lita, mara lita 50 ni gramu 12 na ushee kwa siku, mwaka kilo 4.6, miaka 20 kilo 93. Hiyo ni kama lita 34 za jiwe tupu. Na haligandi ukuta mzima, linaganda zaidi pale maji yanapoingilia. Tuseme sentimita 10 za mwanzo, hapo nafasi ya maji ni lita 50 hivi kama nusu ya ujazo ni uwazi. Lita 34 kwenye 50! Bado kutu sijaihesabu, na kutu inavimba, chuma kikigeuka magnetaiti, ile kutu nyeusi, kinachukua nafasi mara mbili ya mwanzo. Najua maji yakipungua na ukoko unapungua, ila picha umeipata. Na huko katikati walikotoboa lazima king'ae, maji yenyewe hayafiki vizuri.

Fundi Kisima Dodoma:
Mbona rahisi, sisi skrini ya kisima, lile bomba la matundu linalochuja mchanga, ikiziba tunamwaga asidi, inalala usiku mmoja, asubuhi tunapuliza kwa kompresa maji yanarudi.

Dada wa Maabara:
Fundi, skrini yako ni bomba la plastiki. Huku asidi itakula chokaa na itakula chuma chenyewe, itafumua haidrojeni ya kutosha, halafu chokaa iliyoyeyuka inasogea mbele kidogo inaganda tena.

Fundi Kisima Dodoma:
Nimekuelewa mtaalamu 🙏🏾

Mzee wa Mitaro:
Mwanangu, bosi wako anatazama kisima ambacho hakiwezi kumpa habari mbaya. Maji machache yanayopenya yanapita polepole mno, lazima yatoke masafi. Yaliyobaki yanatafuta njia, yanazunguka ncha za ukuta au yanapita chini yake. Kapime visima vya kwenye ncha.

Na asikwambie kuta hizi hazizibi. Ule wa Elizabeth City, North Carolina, wa 1996, mita 46 kwa urefu na kina mita 7.3, ulidumu vizuri miaka mingi. Wa Monticello, Utah, wa 1999, uliowekwa kuzuia urani, miaka michache tu upenyezaji ukashuka vibaya maji yakaanza kujaa mbele yake. Chuma kile kile, maji tofauti. Maji yenye chokaa nyingi au naitreti nyingi yanaumaliza ukuta mapema wakati chuma bado kipo tele.

Usibishane naye kwa mdomo. Chukua bomba lililozibwa ncha zote, lenye mchanga ndani, litumbukize ghafla kwenye kisima kilichomo ndani ya ukuta. Maji yatapanda, wewe shika saa uone yanarudi chini kwa muda gani. Fanya kisima cha usoni, pale maji yanapoingilia ukuta, fanya na cha katikati. Wakikubali kutoboa tena watoboe kwa mshazari kuanzia udongo wa mbele waingie kwenye chuma, hapo usoni ndo pana kesi. Ikithibitika, si lazima wang'oe ukuta mzima, wanaweza kufumua sehemu ya mbele na kuweka changarawe iliyochanganywa na chuma kidogo, ukoko ukae huko.

Kijana wa Visima:
Wakuu nimerudi. Kisima cha katikati maji yalirudi ndani ya dakika tatu. Cha usoni nilikaa nayo dakika 40, nikala na mkate wangu pale pale, hayajafika hata nusu. Na kisima cha ncha ya kaskazini, ambacho miaka yote kilikuwa sifuri, sampuli imesoma traikloroethilini. Nimemtumia bosi vyote kwa imeili saa nne asubuhi. Amefungua, hajajibu.

Mpiga Soga:
Ile kauli yangu ya kukausha naifuta.