Naomba ushauri: tenda ya madawati ya jiji kupitia asilimia 30 ya makundi maalumu, na tajiri anayetaka kuazima jina la kikundi chetu

Fundi Kiongozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa zabuni za halmashauri, hasa waliopita dirisha la makundi maalumu (wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu).

Sisi ni kikundi cha vijana, wachomeleaji na maseremala. Karakana yetu iko pembezoni mwa jiji ambalo sitalitaja. Tunatengeneza mageti, madirisha, vitanda vya deka, na siku hizi madawati ya shule binafsi. Kikundi kimesajiliwa halmashauri, tuna TIN na akaunti ya benki. Mwaka huu tumeamua tusiishi kwa wateja wa mlangoni peke yao, tuingie NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, tugombee kazi za jiji letu wenyewe. Madarasa yanajengwa karibu kila kata, madawati yananunuliwa, na mengi yanashushwa kwenye malori kutoka mikoa mingine huku vijana wa hapa wenye ujuzi huo wanashinda vijiweni. Hilo linaniuma sana, na ndiyo sababu nimewasukuma wenzangu mpaka tukafika hapa.

Sasa kuna tajiri mmoja, si wa mkoa huu, ametufuata. Anasema kampuni yake haiwezi kuingia kwenye zabuni zilizotengwa kwa makundi maalumu. Kwa hiyo tuombe kwa jina letu, yeye atoe mtaji na kuleta madawati yaliyokwisha kutengenezwa kwake. Sisi tutie saini, kisha atupe asilimia kadhaa ya malipo. Masharti yake ni mawili: nywila ya NeST akae nayo yeye, na mtu wake awe mmoja wa watia saini benki.

Wanachama wamegawanyika. Wengine wanasema bora kidogo kilicho mkononi, maana hata tukishinda wenyewe, hela ya skwea paipu na mbao ya oda nzima tutaitoa wapi, na jiji halilipi mpaka mzigo upokelewe? Wengine, nikiwemo mimi, roho inakataa. Lakini kwenye kikao roho kukataa si hoja, nahitaji hoja.

Je, hili la kuazimisha jina lina madhara gani? Na kama tukilikataa, mtaji tunaupataje? Nawasilisha.

---

Ugavi wa Zamani

Mkuu, nimekaa kwenye kitengo cha ununuzi cha halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu. Nitakueleza kwa urefu kidogo.

Kwanza elewa hiyo asilimia 30 ni ya nini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika katikati ya 2024, inaitaka taasisi nunuzi itenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Wazo si geni, lilikuwemo tangu marekebisho ya 2016 ya sheria ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila kitu kinapita NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na zabuni iliyotengwa inaonekana wazi kuwa ni ya makundi. Humo mnashindana makundi kwa makundi. Kampuni ya huyo tajiri haimo, na ndiyo maana amekuja kugonga mlango wako.

Usichanganye na ule upendeleo mwingine wa wazawa, unaosikia kwamba miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 ni ya kampuni za Kitanzania. Ule unawalinda wakandarasi wetu dhidi ya kampuni za nje. Huu wenu unamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu wa humuhumu nchini. Yeye ni Mtanzania kama wewe, ila hapa hana nafasi.

Sasa madhara. Zabuni ikishawasilishwa kwa jina lenu, kila tamko lililomo ni lenu. Mmesema ninyi ndio watekelezaji. Ikibainika mlidanganya, anayefikishwa PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, na kufungiwa kushiriki zabuni za umma ni kikundi, kwa majina ya viongozi wake. Tajiri atatafuta kikundi kingine mtaa wa pili. Ukishafungiwa, hata ile kazi ndogo ya kutengeneza milango ya zahanati huipati.

Kuna jambo jingine ambalo vikundi vingi havilioni mapema: kodi. Malipo yanaingia kwa TIN yenu, risiti ya EFD ni yenu, na kwenye bidhaa zinazouzwa serikalini kuna ile asilimia 2 ya kodi ya zuio inayokatwa kwa jina lenu. Yaani kwenye vitabu vya TRA mauzo yote ni yenu, hata kama mlibaki na chenji tu. Wakija kukadiria mapato, huwezi kuwaambia fedha alichukua fulani, maana hakuna karatasi hata moja inayomtaja.

Waulize wenzako swali hili kikaoni: mtu anayetaka nywila na saini ya benki, amewaachia nini cha kwenu?

---

Mama Vicoba

Mwanangu, naandika kama mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, tunashona sare na mapazia ya ofisi. Hayo aliyosema mzee hapo juu yashike.

Kwenye wilaya jirani kuna kikundi cha kina mama nilichokuwa nakifahamu vizuri. Walimweka mtu wa nje kuwa mtia saini kwa sababu ndiye aliyetoa fedha za vitambaa. Malipo yalipoingia, wao walipata taarifa kwenye simu kwamba fedha zimeingia na, kabla hawajakaa kikao, taarifa ya pili kwamba zimetoka. Walikwenda benki, wakaonyeshwa fomu yao wenyewe: saini mbili zinatosha, na mmoja wa viongozi alishatia saini hundi tupu kwa sababu aliambiwa ni ya usafiri. Polisi waliwaambia ni mgogoro wa wanachama. Kikundi kilivunjika, na wale kina mama hadi leo hawasalimiani sokoni.

Kuhusu mtaji: mmeshaomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri? Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndiye mlango. Sisi vyerehani vyetu vya viwandani vilitoka huko. Lakini usiombe siku umeshashinda tenda, utachelewa. Omba sasa, ununue mashine na malighafi ya kuanzia.

---

Mlipa Kodi

Naomba nitoe mtazamo tofauti, na naomba nisieleweke vibaya. Mimi ni mzazi mwenye watoto shule ya msingi ya serikali. Upendeleo huu unanitia mashaka. Nimeona madawati ya kikundi cha hapa kwetu yakiachia viungo kabla muhula haujaisha, mtoto akachanwa sketi na mguu. Kodi ni yangu, dawati ni la mwanangu. Kwa nini asipewe tu mwenye kiwanda, mwenye bei nzuri na kazi nzuri, awe wa popote? Fedha ya jiji ni ya kununulia madawati, ajira zitafutiwe fungu lake.

---

Fundi Kiongozi

@Mlipa Kodi nakuelewa na pole kwa mtoto. Dawati bovu ni bovu hata likitengenezwa na ndugu yangu. Ila dawati linaloharibika likiwa limetoka mbali, nani anarudi kulichomelea? Sisi mwalimu mkuu anatupigia simu, kijana anabeba mashine kwenye bodaboda anakwenda. Na mshahara wa kijana huyo unalala humuhumu, kwa mama ntilie, kwa fundi baiskeli, kwenye ushuru wa soko la jiji lilelile. Siombi jiji lifumbie macho ubora. Naomba nipimwe kwa kipimo kilekile.

---

Moto wa Kuchomelea

Mkuu mimi ni fundi mwenzako, tumeshapeleka madawati halmashauri kwa jina letu wenyewe. Nikuambie kinachotokea siku ya mapokezi, maana hapo ndipo hoja ya @Mlipa Kodi inapojibiwa.

Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilipokuja haikukaa kwenye dawati. Mmoja alilipindua miguu juu. Akapitisha kidole chini ya kiungo, pale ambapo brashi ya rangi haifiki vizuri, akitafuta kama tumegrenda au tumepaka rangi juu ya takataka ya welding. Akatoa kipimo akapima unene wa paipu kwenye ncha iliyo wazi. Hapa vikundi vingi vinaanguka: kwenye zabuni wameandika unene fulani, dukani muuzaji akawapa nyembamba ya bei chee inayofanana kwa macho, tofauti ni nusu milimita. Kwa macho huioni, kwa mtoto wa darasa la sita anayebembea kwenye dawati utaiona mwezi wa pili. Kisha akabonyeza ubao kwa kucha kuona kama mbao ilikauka. Mbao mbichi inanywea, skrubu zinalegea, dawati linaanza kucheza.

Kwa hiyo ushauri wangu: tengenezeni moja la mfano, mkalipindue wenyewe. Na mnapopiga bei, pigeni bei ya paipu ile iliyoandikwa, msipige ya ile nyembamba halafu mkategemea huruma. Vikundi vingi vinashinda kwa bei ya chini isiyowezekana, vinabaki vinakopa ili vikamilishe hasara.

Mtaji: ombeni zabuni ndogo kwanza, viti vya ofisi ya kata, kukarabati madawati ya shule moja. Kazi ya ukarabati inahitaji vijiti vya welding na mikono zaidi kuliko fedha. Mkimaliza mnapata barua ya utekelezaji mzuri, na benki zinazokopesha kwa LPO (ile oda rasmi ya manunuzi) zinaitazama hiyo barua.

---

Jirani wa Mombasa

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ndugu yangu, tatizo lako twalijua sana huku.

Sheria yetu ya ununuzi ya 2015 ina asilimia 30 kama yenu, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kupitia mpango wa AGPO ulioanza 2013. Tena sheria hiyo inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 20 kwa wakaazi wa kaunti yenyewe. Kwa hivyo hilo lako la malori kutoka mbali, huku limeandikwa kabisa kwenye sheria.

Lakini matajiri wa kuazima majina walitufikia mapema. Ndiyo maana kanuni zikaweka kwamba kundi lazima liwe na angalau asilimia 70 ya wanachama walio wa jamii inayolengwa, na uongozi wote uwe wao, asilimia 100. Na fedha zilipwe kwenye akaunti ambayo mtia saini wa lazima ni mwanachama wa kundi hilo. Ukiona sheria ya nchi nzima imeshuka hadi kwenye saini ya benki, jua ni kwa nini. Kwa hivyo sharti la tajiri wako la pili usilichukulie dogo.

Nikuonye jambo moja linalotuumiza zaidi ya hayo yote: malipo. Kaunti zetu zina madeni ya wauzaji yaliyorundikana, Nairobi ikiongoza. Najua vijana walioshinda tenda kwa haki, wakapeleka bidhaa safi, halafu mnada wa benki ukawakuta bado wanasubiri hundi. Kushinda ni nusu ya safari. Sijui jiji lenu lina tabia gani, ulizia wauzaji waliotangulia kabla hujaweka hati ya shamba la baba rehani.

---

Ugavi wa Zamani

@Jirani wa Mombasa umegusa penyewe. Nami niongeze kwa upande wetu.

Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Oda inayotoka mwezi wa tano mwishoni iogopeni. Mkichelewa kupeleka, au ankara ikakosa kiambatisho kimoja, mwaka unafungwa na deni lenu linasubiri bajeti mpya. Oda ya mwezi wa tisa au wa kumi ina nafasi ya kupumua.

Pili, kabla ya kusaini mkataba ombeni kupeleka mzigo kwa awamu, na kila awamu ilipwe kivyake. Shule tano za kwanza, ankara, malipo, kisha tano nyingine. Vikundi vinaogopa kuomba hili wakidhani ni utovu wa adabu. Si utovu wa adabu. Afisa ununuzi mwenye akili analipenda, kwa sababu na yeye hataki kikundi kimfie katikati. Hapo ndipo mtaji mdogo unapotosha.

Tatu, dhamana ya zabuni isiwatishe. Kwa makundi kama yenu nyaraka za zabuni huwa zinataka tamko la dhamana la kutia saini, hamtakiwi kwenda kuweka fedha benki.

Nne, mkishindwa na mkaona hamkutendewa haki, msinung'unike vijiweni. Taarifa ya kusudio la kumpa mshindi zabuni ikitoka, mna siku tano za kazi kupeleka malalamiko kwa ofisa masuuli, ambaye kwa jiji ni mkurugenzi. Msiporidhika, kuna PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni za umma. Nimeona kikundi kikishinda hoja kwa sababu tu kilisoma tarehe vizuri.

---

Fundi Kiongozi

Wazee wangu, mama yangu, na jirani wa Mombasa, nawashukuru. Tumekaa kikao jana. Swali la nywila na saini nililisoma kama mzee alivyoliandika, na wale waliokuwa upande wa tajiri ndio walioanza kujibu. Tumemwandikia kwamba kama anataka kutuuzia skwea paipu kwa mkopo tutamlipa kama muuzaji yeyote, kwa karatasi. Hajajibu.

Tunaanza na ukarabati kama alivyoshauri @Moto wa Kuchomelea, na fomu za mkopo tumechukua kata. Swali la mwisho: ni lazima kikundi kigeuzwe kampuni kwanza ndipo NeST itutambue kama kundi maalumu?

---

Ugavi wa Zamani

Hapana. Kikundi kilichosajiliwa na kutambuliwa kupitia halmashauri kinatosha, kampuni mtafungua mkikua. Ila kabla hamjapandisha nyaraka, chukua cheti cha usajili, cheti cha TIN na taarifa ya benki, uviweke mezani pamoja. Jina la kikundi lifanane herufi kwa herufi kwenye vyote vitatu. Kama cheti kinasema "Kikundi cha Vijana" na benki waliandika "Vijana Group", nenda benki Jumatatu asubuhi wakarekebishe, kwa sababu malipo yakigoma kwa tofauti ya jina, kuyafukuzia ni kazi ya wiki nyingi.