Neno gani linafaa kwa kauli isiyo na muktadha?

Kalamu_Mbichi
Wakuu, naomba msaada wa msamiati. Nahariri mahojiano yaliyorekodiwa, na nukuu kadhaa zimebaki peke yake: msomaji hajui zinajibu nini wala zinamlenga nani. "Kauli isiyo na muktadha" inaeleweka, ila ni ndefu mno kwa kichwa cha safu ya jedwali. Je, "kuropoka" linatosha?

Fasiri_Huru
Hapana mkuu, kuropoka utamwonea msemaji. Anayeropoka kasema bila kufikiri. Kubwabwaja ni kuongea mengi yasiyoshikana, na anayedakia mazungumzo asiyojua yalikoanzia, huyo twasema kadandia treni kwa mbele. Yote hayo ni makosa ya mwenye mdomo. Kwako wewe msemaji huenda alisema la maana kabisa, kosa likafanywa na aliyekata. Kitenzi chake ni *kunyofoa*, kama unavyonyofoa kipande cha nyama kwenye mfupa. Safu iite "Zilizonyofolewa". Ngeli ya nukuu inajitosheleza humo. Usiandike "dondoo", maana dondoo huchaguliwa kwa makini na halina lawama.

Ukingo_wa_Kanga
Naongeza aina moja inayosahaulika: kauli ambayo mwenyewe kaificha shabaha kwa makusudi. Chukua jina la kanga, "Japo sipati tamaa sikati". Kwenye kitambaa halina anayesemwa. Mtu akijifunga akapita mbele ya jirani fulani, jirani huyo anajua. Hilo ni fumbo, na likishamlenga mtu ni kijembe. Ukiliweka kwenye safu ya zilizonyofolewa utakuwa umekosea, kwa sababu hakuna aliyelikata. Andika tu kando: nani alivaa, mbele ya nani.

Fasiri_Huru
Kweli kabisa. Sasa namna ya kuzitambua: kagua viambishi. "Alimwambia amletee kile." Hapo kuna *a-* mbili na *-m-* mbili, zote ngeli ya watu, na Kiswahili hakitofautishi mume na mke. Nani kamwambia nani, amletee nani? "Kile" nacho kinatuambia ngeli tu: kiti, kitabu, chakula. Nukuu inayoanza na "huyo" au "hicho" itilie shaka mara moja, kwani mara nyingi inarejelea kilichokwisha kutajwa.

Tiba ni kurudisha sentensi iliyotangulia. Isipopatikana, tia nomino ndani ya mabano ya mraba: "Alimwambia [fundi] amletee kile [kipimo]." Ukiitia bila mabano, msomaji ataamini ni maneno ya msemaji, na hapo umeshamlisha maneno.

Kalamu_Mbichi
Nimeelewa, "Zilizonyofolewa" inakaa vizuri. Na majibu mafupi, kama "Ndiyo" peke yake? Naweza kuacha swali nikaandika "alikubali"?

Ukingo_wa_Kanga
Usiache swali, ndugu yangu, hilo ndilo la hatari kuliko yote. Mtu akiulizwa "Hukwenda?" akajibu "Ndiyo", maana yake ni ndiyo, sikwenda. Anakubaliana na swali lilivyoulizwa. Ukilinyofoa swali ukaandika "alikubali", msomaji atadhani alikwenda, na umegeuza ushahidi wa mtu. Swali likiwa la kukanusha, liandike lote, neno kwa neno, juu ya jibu.