Naombeni ushauri, ram (memori za kompyuta) mbili hazikai pamoja
Wakuu habari za jioni, nina desktop used, prosesa core i5 ya kizazi cha nne, naitumia kudizaini kadi za harusi hapa home Mbagala. Juzi nikaenda Kariakoo nikachukua ram aina ya DDR3 ya GB 8 niiunganishe na ile ya GB 4 iliyokuwepo, sasa kila moja ikikaa peke yake mashine inawaka fresh ila zikikaa mbili inapiga mlio tu kioo cheusi, nimefuta pini kwa raba, nimehamisha sloti, wapi. Fundi mmoja anasema mazabodi (ubao mkuu wa mashine) imekufa, mwingine ram haziendani, mi naona huyu wa pili ana point. Nibaki na ya 8 hela iliyobaki ninunue SSD (diski ya kuhifadhia yenye kasi)? Kuna kadi za Jumamosi zinanisubiri jamani