Mjadala: Mwanafunzi wa uzamivu na msimamizi wake waandikiane au waaminiane?

Mpwani wa Sahare
Ndugu zangu wa Tanga, naleta hoja mezani. Mwanafunzi anapoanza shahada ya uzamivu hupewa barua inayomtaja msimamizi wake, na mara nyingi mambo huishia hapo. Naona kabla ya pendekezo la utafiti kupitishwa, wawili hao wakae waandike ukurasa mmoja: watakutana mara ngapi, sura ikipelekwa itarudi baada ya wiki ngapi (mimi napendekeza nne), jina la nani litatangulia katika makala, na msimamizi akistaafu au akienda masomoni ng'ambo, nani atashika usukani.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Natafiti uvuvi wa pweza, na pweza huhesabiwa mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, siku chache tu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Pendekezo langu lilikaa kwa msimamizi kaskazi nzima. Liliporudi na alama tatu za kalamu nyekundu, kusi ilikuwa imeshaanza na bahari imechafuka, nikaukosa msimu mzima. Wenzangu wakanishauri nipite sokoni Deep Sea, nikampelekea changu wawili. Sura iliyofuata ilisomwa kwa siku nne.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone
Nilipofika penye changu niliweka miwani chini. Nimesimamia wanafunzi kwa miaka mingi, na katika pwani hii mdogo haendi kwa mkubwa wake mikono mitupu. Kuiita heshima hiyo hongo ni kututukana sisi tuliosoma rasimu zenu usiku kwa taa ya chemli.

Mpwani wa Sahare
Shikamoo Mwalimu. Neno hongo sikulitaja mimi, umelitaja wewe. Mimi nimetaja samaki na siku nne.

Jirani wa Chumbageni
Changu wawili, siku nne. Ungempelekea nguru mzima leo tungekuwa tunakuita daktari.

Mjukuu wa Mkonge
Jirani anatania, lakini kuna jambo limejificha humo. Je, sisi tuliotoka Lushoto tupeleke mapeasi? Na yule asiye na kitu, sura yake isomwe lini? Wiki zikiandikwa, mwenye samaki na asiye na samaki watasubiri sawasawa, na anayetaka kupeleka zawadi ataipeleka baada ya kutahiniwa, isiyo na shaka yoyote ndani yake.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone
Mwanangu, usimamizi ni malezi. Kuna mzazi anayeandikiana na mtoto saa za kumlea?

Mwanakwetu
Mwalimu, mtoto hana tarehe ya mwisho ya ufadhili. Mimi nina wasimamizi wawili, mmoja hapa nyumbani na mmoja Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako sheria ya elimu ya juu inataka makubaliano hayo yawe ya maandishi: yanakuwamo mpangilio wa kazi kwa muda, namna ya kutatua ugomvi, na hata muda wa wasahihishaji kuisoma tasnifu ikishawasilishwa. Siku tulipoyajaza kwa simu ya video, msimamizi wangu wa hapa alisita penye kipengele cha ugomvi, akauliza kama namtuhumu kabla hajakosa. Nilimjibu kuwa hata posa ina mshenga, na mshenga hatumwi kwa sababu watu wamegombana.

Jirani wa Chumbageni
Wajerumani walituletea mkonge mwaka 1893 bila kutuandikia chochote, leo ndio watufundishe kuandikiana?

Mjukuu wa Mkonge
Jina langu lisikuhusu, Jirani. Babu yangu alikata mkonge kwa kipande, na kipande kilikuwa na kadi: kazi ya siku imeandikwa, iliyokamilika imewekwa alama. Kama kadi ilimfaa mkata mkonge, inamfedheheshaje profesa?

Mwalimu Mstaafu, Raskazone
Sasa mnatufananisha na wanyapara.

Mpwani wa Sahare
Hapana, Mwalimu, kadi ilimlinda na mwajiri pia. Naomba turudi kwenye ukurasa wangu, kwa kuwa unamlinda msimamizi vilevile. Wapo wanafunzi wanaopotea miezi minane, kisha wanaibuka na sura tatu zisizohaririwa na kutaka zisomwe kufikia Ijumaa. Mkiandikiana kwamba rasimu hutumwa moja moja, na kwamba baada ya kila kikao mwanafunzi huandika kwa aya mbili yaliyokubaliwa na kumtumia msimamizi ayathibitishe, hakuna atakayesema baadaye kwamba hakuambiwa.

Mwanakwetu
Hizo aya mbili ndizo zilizoniokoa. Msimamizi mmoja alinitaka nibadili mbinu mwaka wa pili, nikamfungulia aya za Machi ambazo mwenyewe alizijibu kwa neno "sawa".

Mwalimu Mstaafu, Raskazone
Hilo la aya nalikubali, nami nililifanya kwa daftari kabla hamjazaliwa. Ila wiki nne kwa sura ya kurasa sitini, kwa mtu mwenye wanafunzi wengine na mitihani ya kusahihisha, ni chache. Wekeni sita.

Jirani wa Chumbageni
Sita kavu, Mwalimu, au sita pamoja na changu?