Kodi ya miezi sita kwa mkupuo: ipigwe marufuku au iachwe?

Wakuu, tulijadili hili bila kufichana. Dar es Salaam kila mtu analalamika kodi ya nyumba iko juu. Mimi nasema kinachotuumiza zaidi ni kudaiwa ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla hujalala hata usiku mmoja.

Tupige hesabu. Kijana analipwa 300,000 kwa mwezi, kapata chumba Mbagala cha 60,000. Ni sehemu moja ya tano ya mshahara wake, anaimudu. Ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita, 360,000, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja, 60,000. Jumla 420,000, na hata godoro hajanunua. Anaitoa wapi? Mwenye bahati zamu yake ya upatu imefika. Wengi wanakimbilia mikopo ya kausha damu. Deni halijaisha, miezi sita imekwisha, mwenye nyumba anabisha hodi.

Halafu ukishalipa, sauti huna tena. Niliwahi kulipa ya mwaka; mwezi wa tatu choo kikaziba, nikapigishwa kalenda hadi nikatafuta fundi kwa hela yangu. Ningekuwa nalipa mwezi kwa mwezi, angenisikiliza.

Wenye nyumba nao wana hoja, tusiwafanye maadui. Wengi ni wastaafu au akina mama waliojenga kidogokidogo, na hela ya mkupuo ndiyo inayoezeka vyumba vinavyofuata. Wanaogopa pia mpangaji sugu. Kumtoa kisheria ni kazi: tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kesi inaweza kuburuzwa huku mtu amekaa bure chumbani kwako. Mimi pia ningedai ya miezi sita.

Wapo wanaotaka turudishe sheria ya kudhibiti kodi, ile ya 1984 iliyofutwa 2005. Kwenye kupangiana bei siko nao. Bei ikibanwa, mtu mwenye kiwanja atajenga fremu za biashara, vyumba vitazidi kuadimika, na maskini ndiye atakayesukumwa mpaka Chanika, alipe kwa nauli kile alichookoa kwenye kodi.

Ninachotaka ni sheria ya muda wa malipo: kodi ya mwezi mmoja, na dhamana ya mwezi mmoja inayorudishwa ukihama bila deni wala uharibifu. Nairobi wapangaji wengi hulipa hivyohivyo, mwezi kwa mwezi na dipoziti, na ujenzi wa nyumba za kupanga haujasimama. Sambamba na hilo, kiwepo chombo karibu na mtaa chenye nguvu ya kuamua ndani ya siku 30 kuhusu mpangaji asiyelipa. Kimoja bila kingine hakitafanya kazi. Na dalali alipwe na aliyemtuma. Mara nyingi ni mwenye nyumba ndiye aliyempa funguo.

Wenye nyumba, nataka kuwasikia ninyi kwanza. Mkihakikishiwa kwamba asiyelipa anaondoka ndani ya siku hizo 30, mtakubali mwezi kwa mwezi? Kama hapana, ni nini kingine kinachowazuia?