Naomba ushauri: siku mbili Nairobi, nataka kuona michoro ya ukutani na ya matatu. Nianzie wapi?

BrashiMoja_AR (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwandishi wa mabango hapa Arusha, mwaka wa 22 sasa. Saluni, bucha, magari ya shule, "Usikojoe hapa", "Chumba hiki hakiuzwi", yote hayo mkono wangu umepita. Siku hizi mteja anaingia stationari asubuhi, mchana ananing'iniza bango la kuprinti. Sijaja kulialia, nimeleta jambo lingine.

Mwezi ujao namsindikiza dada yangu Nairobi. Yeye atakuwa kwenye shughuli zake siku mbili, mimi sina cha kufanya. Madereva wa Namanga wamenisimulia kwa miaka kwamba kule kuta zina sura za watu kubwa kama nyumba, na magari yamechorwa mpaka dari ya ndani. Nataka nizione kwa macho. Picha ya simu haikuonyeshi brashi ilipoanzia na ilipoishia.

Kwa hiyo naomba mnielekeze: nianzie mtaa gani? Mgeni anaweza kuingia Kibera au Dandora peke yake? Na picha je, ruksa kupiga? Bajeti ni nauli ya kawaida na chai, teksi sina.

Chumvi_Mbili

Yaani mtu anavuka mpaka kwenda kutazama ukuta. Mkuu, hapo mtaani Unga Limited kuta zimeisha?

BrashiMoja_AR

Zipo. Nyingi nimezipaka mwenyewe, ndiyo maana nimezichoka.

Mwana_Rongai

Karibu sana mzee. Mimi nakuomba kabla ya ukuta uanze na gari. Saa kumi na moja jioni nenda Railways, stendi ya matatu za Rongai, namba 125 na 126. Simama kando, usipande. Utaona nganya, yaani matatu iliyopambwa, moja imebeba sura ya mwanamuziki ubavuni, ya pili mchezaji mpira, ya tatu mtu wa kwenye sinema, taa za buluu mpaka chini ya viti. Ukikaa pale saa moja utakuwa umeona michoro mingi kuliko kutembea kutwa nzima, na haikugharimu kitu. Shika tu mfuko wako vizuri.

Na ujue zile rangi zimepigana vita. Mwaka 2004 Waziri Michuki alileta kanuni zake: kidhibiti mwendo, mikanda kwenye viti, na ule mstari wa njano ubavuni. Michoro ikawa kosa. Kwa miaka kumi hivi mchoraji wa matatu alikuwa anafanya kazi huku anachungulia barabarani kama kuna askari. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba vijana waachwe wachore, ndiyo ukaona nganya zimerudi na moto. Kwa hiyo unapoona ule mstari wa njano umebanwa katikati ya dragoni na sura ya mtu, ndiyo serikali na wasee wamekubaliana kukaa ubavu mmoja.

Pale pale Railways, kwa mguu tu, kuna makumbusho ya reli. Lipa kiingilio uingie. Wengi huenda kuona lile behewa ambalo simba alimtolea mzungu, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Wewe likague kisha geukia kuta. Patrick Mukabi alikuwa na studio yake pale, Dust Depo, vijana kibao wamejifunzia kwake, na BSQ, kundi la wachoraji wa kuta, nao wamezijaza kuta za eneo lile. Ukibahatika utamkuta mtu juu ya ngazi.

Kunguru_wa_Tao

Naongezea kitu kimoja ambacho kitakuokolea miguu. Usifuate orodha za mtandaoni. Mchoro wa ukutani una maisha mafupi kuliko gazeti la kufungia nyama. Mwenye nyumba akipata mpangaji mpya, kampuni ya simu inapaka rangi yake. Jengo likivunjwa, umekwenda.

Mfano ni ule ulioniuma mimi. Mwaka 2012, uchaguzi wa 2013 ukinukia, mwanaharakati Boniface Mwangi na kundi la wachoraji walichora usiku karibu na City Market, mtaa wa Muindi Mbingu. Tumbusi amevaa suti, amekaa kitini kama bosi, na chini yake orodha ya mambo wanasiasa waliyowafanyia wananchi. Asubuhi watu walisimama kusoma kama wanavyosoma matokeo ya mtihani. Mimi nilichelewa kazini siku hiyo. Leo ukienda pale hupati hata unyoya. Na bado watu wanauliza, "tumbusi yuko wapi?" kwa sababu orodha fulani imemtaja.

Kwa hiyo nenda pale palipo na wachoraji, ukuta utajileta wenyewe.

Kuhusu picha: katikati ya jiji kuwa mwangalifu. Kituo cha polisi, kambi, jengo la serikali, hata usiinue simu. Majengo ya watu binafsi nayo yana walinzi wenye hasira zao. Ukitaka ukuta wa jengo, msalimie mlinzi kwanza.

Dada_Makina

Kaka yangu, salaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Kibera, nitakujibu la kwetu.

Kuingia unaingia, hakuna geti. Ila ukuta uliochorwa ni wa mtu, na nyuma yake kuna mtu anapika. Piga hodi. Ukimwona mama amekaa chini ya mchoro anauza mandazi, nunua mandazi, uliza habari za mchoro, halafu ndiyo simu. Atakuambia nani alichora na waligombana vipi kuhusu rangi. Ukipiga kwanza na kununua baadaye, utasikia maneno.

Na wewe kwa kazi yako kuna mahali lazima ufike: Maasai Mbili. Ni kundi la wasanii, lilianza 2001. Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa waandishi wa mabango kama wewe. Walikuwa wakivaa shuka za Kimaasai wanazunguka kutafuta kazi ili watu wawatambue, jina likabaki hapo hapo. Wajaluo wawili, wanaitwa Maasai Mbili! Mabango ya mbao yakawageukia kuwa sanaa. Uliza mtu yeyote mtaani atakuonyesha nyumba yao.

Wa kundi hilo hilo ni Solo Saba, Solomon Muyundo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mtaa ulipowaka, yeye alitoka na rangi na kuandika kwenye milango, mabati, kuta zilizoungua, kwamba amani inatafutwa, na inatakiwa ikiwa hai. Kama lile tangazo la jambazi. Mimi nilikuwa msichana. Nakumbuka mlango mmoja ambao duka lake lilikuwa limeshateketea, mlango umesimama peke yake na yale maneno. Herufi hazikuwa nzuri, kaka. Zilikuwa za mtu mwenye haraka. Lakini kila mtu alizisoma.

Mzee_Kaloleni

Mimi nitapingana. Hii desturi ya kuja kuangalia mitaa ya watu maskini kama mbuga siipendi, awe mzungu awe Mtanzania. Mchoro wa Kibera ungekuwa Karen kwa matajiri, mngesafiri?

BrashiMoja_AR

Mzee shikamoo. Swali lako limenikalia vibaya na nashukuru umeliuliza. Mimi naishi nyumba ya vyumba viwili, choo cha kushirikiana. Sioni ni umaskini gani nitakwenda kushangaa. Ila nimekusikia.

Dada_Makina

Mzee Kaloleni, una haki nusu. Mwaka 2009 alikuja Mfaransa anaitwa JR, mpiga picha. Alitandaza juu ya mapaa ya nyumba macho na nyuso za wanawake wa hapa, makubwa, hata kutoka angani unayaona. Mita za mraba 2,000. Mabehewa ya treni nayo yakabandikwa macho, na kwenye ule mteremko wa kando ya reli wakaweka mabati yenye pua na midomo. Treni ikipita, kwa muda wa kupepesa jicho tu, uso unakamilika. Watu walikuwa wanaisubiri treni kama harusi.

Watu wa nje wakaandika kuhusu picha. Sisi tulizungumza kuhusu turubai, kwa sababu lilikuwa la plastiki na lilizuia mvua. Shangazi yangu alisema huyu ndiye msanii wa kwanza aliyemwelewa.

Kwa hiyo wageni waje, lakini wakiondoka mtu awe amepata kitu, hata kama ni paa lisilovuja.

Mzee_Kaloleni

Hapo umenipata kwenye turubai.

Chumvi_Mbili

Na Dandora je? Mbona mnairuka?

Kunguru_wa_Tao

Dandora aende na mwenyeji, basi. Ile ni mitaa ya mradi wa Benki ya Dunia wa miaka ya sabini, nyumba zimezunguka ua, na vijana wamezisafisha nyua zao, wakapanda miti na kupaka rangi kuta. Pazuri, na hip hop ya Kiswahili ya nchi hii ina mizizi mirefu pale. Lakini kwa siku mbili, na hana mtu, mimi singemtuma.

Klia_na_Thina

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi nafanya kazi kwenye gereji ya kuchora matatu, huku Eastlands. Mzee, watu wamekupeleka kwenye vitu vilivyomalizika, mimi nakukaribisha uone vinavyotengenezwa.

Gari likija kwanza ni msasa na pati, siku zinakwisha hapo na hakuna anayepiga picha. Kisha rangi ya chini, tepu, stensili, ndiyo sasa sura zinachorwa kwa kalamu ya hewa, mtu ameinamisha shingo mpaka jioni. Mwisho klia, ile vanishi ya juu, ili mvua na vumbi la Rongai visiile. Na haikai. Wanafunzi wakishaizoea nganya wanahamia iliyotoka juzi, mwenye gari anapoteza abiria, anairudisha kwetu. Nina gari nimelichora mara tatu, na sura zote tatu ziko pale ndani, moja juu ya nyingine.

Sasa siri: wengi wetu herufi za mkono hatuziwezi. Tunakata stika kwa mashine. Njoo na brashi yako. Nakutumia namba kwenye PM.

BrashiMoja_AR

MREJESHO

Wakuu nimerudi salama, nashukuru sana. Naandika kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Siku ya kwanza nilikaa Railways mpaka giza. Mwana_Rongai hukusema kuhusu kelele! Muziki unaingia mpaka kwenye meno. Nilichogundua ni kwamba zile sura zimechorwa zitazamwe zikiwa kwenye mwendo. Ukisogea karibu, jicho ni ukungu mtupu wa rangi nyeusi na kijivu. Rudi hatua kumi, linakutazama. Mimi miaka yote naandika ili mtu asome akiwa amesimama.

Makumbusho niliwahi asubuhi. Aliyekuwa juu ya ngazi sikumkuta, nilikuta ndoo zake na rangi iliyokauka kwenye nyasi. Nilikaa mbele ya ukuta mmoja nusu saa nikitafuta alipoanzia. Nafikiri alianza na sikio.

Katikati ya jiji nilikosea lile lile mliloniambia. Nilipiga ukuta wa jengo moja bila salamu, mlinzi akanifutisha picha zote, na zile za mandazi ya Kibera zikaenda humo humo. Kwa hiyo sina za kuwaonyesha.

Kibera ndipo palipochukua siku yangu. Dada_Makina, mandazi nilinunua, nikala sita. Ukweli ni kwamba michoro mikubwa niliitazama, lakini kilichonishika ni bucha, vinyozi, vibanda vya M-Pesa. Herufi za mkono bado zipo! Kuna mwandishi mmoja wa kule ambaye kivuli cha herufi anakiegemeza kushoto. Mimi tangu nijifunze nakiweka kulia, na aliyenifundisha alikuwa anakiweka kulia. Nilimfuata yule mtu bango kwa bango, kinyozi mpaka duka la dawa mpaka kanisa, nikifuata kivuli chake tu, mpaka nikapotea. Mtoto wa shule akanirudisha barabarani. Jina la mwandishi sikulipata, hakuna aliyelijua. Maasai Mbili nilifika jioni, nikapewa chai, tukaongea kuhusu bei ya rangi ya mafuta kama tunaofahamiana.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kwa Klia_na_Thina. Kulikuwa na gari limebaki klia tu. Ubavuni sura nne, dari imejaa nyota. Akaniambia, mzee, tuachie kitu. Nikatafuta nafasi, kila mahali pamejaa. Mwisho nikapata pale kwenye mfuniko wa tangi. Nikaandika DIZELI, herufi nyeupe, kivuli chekundu.

Nilikiegemeza kushoto, nijaribu.

Klia_na_Thina

Lilitoka Ijumaa. Makanga anauliza kila siku nani aliandika pale.

Chumvi_Mbili

Picha iko wapi sasa?

BrashiMoja_AR

Mkuu, simu ilikuwa kwa dada, anaita gari.